Ua wa Nyuma Usiokwisha

9 Januari

Mdogo wangu,

Mimi mzima, mgongo tu ndio unaonikumbusha umri kila ninapoinama. Huku dobi ya hospitali tumeletewa mashine mbili mpya za kufulia ambazo hakuna anayejua kuziendesha, na kwa kuwa mimi ndiye msimamizi, mashuka yakichelewa wodini ninatukanwa mimi. Jirani yangu wa chumba cha pili, yule muuguzi, anakusalimu. Anasema kwenye simu una sauti ya mtu mpole. Nimemwambia hakujui.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Nimeandika, sikupiga simu, na sababu unaijua. Kwenye simu wewe ni "ndiyo dada, sawa dada", halafu unakwenda kufanya lako. Kwenye barua nina ushahidi.

Ni ule ua wa nyuma. Tangu niondoke umekuwa jalala. Nilipokuja mara ya mwisho nilishindwa kufika kwenye tangi la maji kwa sababu ya friji mbovu ulizozipanga pale kama maiti. Umeniambia unataka kuoa, nami sikukataa. Nilisema, na narudia, sherehe itafanyika nyumbani, kwenye ua ule ule. Mtu niliyemchukua akiwa na miaka saba, wazazi wetu wote wawili wamefariki, nikamlea mwenyewe mpaka akaota ndevu, siwezi kumfanyia harusi kwenye ukumbi wa kukodi. Lakini pia siwezi kuwakalisha wakwe kwenye makopo. Kwa hiyo ua kwanza. Ukikamilika naomba likizo, nakuja, tunakuozesha. Mwisho wa mwaka nikistaafu narudi moja kwa moja, na mimi nipate mahali pa kunyooshea miguu.

Sikiliza vizuri. Friji zote zitoke. Sakafu iwe ya zege, yenye mteremko kuelekea ukuta wa nyuma ili maji yakimbilie mferejini, yasije jikoni. Nje ya mlango wa jikoni pajengwe kivuli cha mbao, nguzo nne, na chini yake viti viwili vya kujengwa palepale, vya saruji, vyenye migongo, na meza ndogo katikati. Kamba za kuanikia ziende upande wa tangi, mtu asikae anakunywa chai huku soksi zinamdondokea kichwani.

Mchoro nimeutia humu. Mpe mwashi anayejua kusoma mchoro, si rafiki yako.

Msalimie huyo mfamasia wako unayetaka kumwoa.

Dada yako

*

2 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, nashukuru, na pole na hizo mashine. Zikiendelea kusumbua, muulize fundi wao kama waliangalia mpira wa mlango kabla ya kulaumu injini. Kwangu kazi ni nyingi. Joto limepamba moto na kila nyumba friji imezimia, karakana imejaa mpaka mlangoni. Mfamasia hajambo, anakuamkia. Duka lao la dawa limeongezwa saa za kazi na amekonda kidogo, ingawa ukimwambia anakataa.

Kazi ya ua imeanza. Nimepata mwashi ambaye mtaa mzima unamwita Timazi, kwa sababu ile kamba yenye uzito wa kupimia wima haimtoki shingoni, hata akienda dukani kununua mkate. Nikajiambia, mtu anayelala na kipimo hawezi kunijengea kitu kilichopinda.

Dada, naomba ukae kwanza ndipo uendelee kusoma.

Juzi nimerudi kutoka karakana nikakuta ukuta. Umekata ua katikati, kutoka kwenye tangi mpaka kwenye uzio, unanifika magotini. Nikamuuliza, "Fundi, huu ni ukuta gani?" Akanijibu bila wasiwasi, "Umo kwenye mchoro." Nikamwambia hakuna ukuta kwenye mchoro. Akautoa mfukoni, akaukunjua, akaniwekea kidole. Dada, ile karatasi uliikunja kama unavyokunja mashuka, mara mbili, mara mbili tena, kingo kwa kingo, na sina shaka uliipiga pasi. Mpaka ipite kwenye mikono yote ya posta, mikunjo imekuwa myeusi kama imechorwa kwa wino. Timazi amejenga ukuta juu ya mkunjo.

Nikamuuliza, "Na hii mikunjo mingine je?" Akakuna kichwa. "Hiyo ndiyo nilitaka nikuulize."

Nimemwambia asiuongeze wala asiuguse mpaka nipate neno lako, aendelee na sakafu na kivuli. Ila haki yake nimpe, ndicho kitu pekee alichojenga kikasimama sawasawa.

Jambo jingine ni la tarehe. Tulikubaliana Aprili. Nyumbani kwa mfamasia wanataka kujua, kwa sababu tukishaoana anahamia hapa na kuna mipango ya kwao ya kupanga. Niwaambie Aprili?

Mdogo wako

*

27 Februari

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nimekaa. Mzima sijui kama ni mzima. Mashine moja imesimama kabisa na mpira wa mlango hauna kasoro, asante kwa ushauri.

Kwa hiyo kukunja karatasi ndiko kosa? Maisha yangu yote nakunja mashuka, na sijapata kusikia mgonjwa amejenga ukuta. Mtu mwenye akili timamu akiona mstari unaopita juu ya neno "kamba", ukapita juu ya neno "tangi", na ukaendelea mpaka nje ya ua wenyewe, haulizi? Na wewe ulikuwa wapi? Usiniambie karakana. Kujenga ukuta si kupiga chafya, ni kazi ya kutwa nzima, na jikoni kuna dirisha.

Ubomolewe. Sitaki kuusikia tena.

Halafu nimekaa nikafikiri, kile kivuli nilikosea kukiweka mlangoni kwa jikoni. Jua la mchana linapiga pale moja kwa moja, mtu ataokwa. Kihamishie kule nyuma, kwenye ukuta wa mwisho. Viti navyo vihame. Mchoro mpya huu hapa, na nimeuviringisha, sikuukunja, ili rafiki yako Timazi asipate cha kujengea.

Aprili haiwezekani. Unaona mwenyewe hali ilivyo. Sema Juni.

Na hujanijibu kuhusu friji.

Dada yako

*

22 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini mashine imekubali. Muuguzi wako nimempigia juzi nilipokukosa, akasema umekwenda kazini hata siku yako ya kupumzika. Huo mgongo unautafutia nini?

Barua yako imefika tumeshamaliza kivuli. Nguzo zimesimama mlangoni kwa jikoni, zege limekauka, boriti zimepigwa misumari, na viti viwili vimejengwa na migongo yake kama ulivyoagiza mwanzo. Ule mchoro wako wa kuviringisha ulizunguka posta muda mrefu, nadhani waliona ni bomba. Nilipomwonyesha Timazi alikaa chini. Alivua timazi shingoni akaiweka mapajani.

Tumevunja. Nguzo mbili zimetoka nzima, mbili zimetoka na vipande vya sakafu, kwa hiyo sakafu nayo ina mashimo. Kivuli sasa kiko nyuma, na viti viko nyuma. Ukuta wa mkunjo tulijaribu, nyundo ikakatika mpini. Umebaki. Dada, nisikilize, umebaki.

Kisha mvua ikanyesha. Mteremko ambao Timazi aliapa unakwenda nyuma unakuja mbele. Maji yaliingia jikoni, nikaona kandambili zangu zinaogelea kuelekea sebuleni. Mfamasia alikuwepo. Alivua viatu, akafunga sketi, tukayasukuma maji kwa mafagio mpaka yakatoka, kisha tukachimba mkondo wa kuyarudisha mferejini. Sasa kila Jumamosi lazima niondoe majani mdomoni mwa mfereji, la sivyo tunarudi baharini.

Tulipomaliza alikaa juu ya ule ukuta, akakamua upindo wa sketi, akaniuliza, "Dada yako anakuja lini?" Nikamwambia Juni. Akaniuliza, "Juni ya kalenda au Juni ya dada yako?"

Nipe jibu nimpelekee. Mama yake ananitazama siku hizi kama mtu aliyekuja kusoma mita.

Mdogo wako

*

16 Aprili

Mdogo wangu,

Mwambie mfamasia kalenda ninayo, tena mbili, moja nimepewa na kampuni ya sabuni.

Mimi sijambo. Muuguzi anakusalimu, na nimemkataza kukupa habari za siku zangu za kupumzika.

Nimefikiri tena juu ya sakafu. Kama imeshatoboka, ni bahati. Zege linanyonya joto, mtu hawezi kutembea peku mchana. Toa zege lote, weka mawe bapa, na kati ya jiwe na jiwe acha nafasi ya kupanda majani mafupi. Maji yatanywewa na ardhi, na hutahitaji kuogelea. Kwenye njia ya kutoka jikoni weka taa ndogo za chini, ziwe zinamulika miguu, zisimulike uso wa mtu. Mbao za kivuli zipakwe mafuta mapema, zikipasuka usinililie.

Kivuli chenyewe nacho kikiwa kitupu vile ni mifupa. Panda mmea wa kutambaa kwenye kila nguzo. Utahitaji msimu mzima mpaka ufunike, na siwezi kuwakaribisha watu chini ya mifupa, kwa hiyo Juni haina maana tena. Agosti labda. Tutaona. Tena huku kwenyewe mashine hizi hazinipi nafasi hata ya kuuliza likizo, achilia mbali kupewa.

Migongo ya viti ipunguzwe urefu kidogo. Kile cha kushoto, ambacho ni changu, kigeuzwe kiasi kitazame cha kulia, ambacho ni chako, tuweze kuongea bila kupindana shingo. Mchoro wa tano huu, pamoja na ile miwili ya kamba niliyokutumia bila barua.

Mara ya tatu nauliza. Friji ziko wapi?

Dada yako

*

5 Mei

Dada,

Shikamoo. Leo naiandika meno yakiwa yamekazana, lakini shikamoo.

Nianze na friji, maana umeuliza mpaka naona aibu. Hazijatoka. Nimezilaza chali, nimezing'oa milango, nimezitoboa migongo maji yapite, na mfamasia akazijaza udongo. Sasa ni vitanda vya mboga, na kimoja kina maua mekundu yanayovutia nyuki wa mtaa mzima. Tumezipaka rangi ya kijani. Majirani wanachungulia juu ya uzio wakiuliza ni nani aliyetujengea. Sikukuambia kwa sababu nilijua utasema zitoke, nami sikutaka kumwambia yeye zitoke.

Zege nimelitoa. Timazi alikataa kurudi, akatuma salamu kwamba anauguza mkono, na jana nimemwona anapaka lipu kwa watu, mikono yote miwili. Mawe nimeyapanga mwenyewe, jioni baada ya jioni, magoti yamechubuka kama ya mtoto wa shule. Mmea wa kutambaa umeshika nguzo moja, zingine tatu umezidharau. Hapo ndipo tulipofika.

Sasa nisikilize. Jumapili iliyopita mfamasia alikuja, akaomba kuiona michoro yote mitano. Alitaka kujua taa zipite wapi. Akaitandaza mezani na kuweka vikombe kwenye pembe isijiviringishe. Unajua kazi yake, kutwa anasoma miandiko ya madaktari ambayo hata daktari mwenyewe haisomi. Akatazama mmoja, akaenda wa pili, akarudi wa kwanza. Nikaanza kuosha vyombo kwa sababu nilijua hatafuti tena njia ya taa.

Kisha akasema, "Kivuli kimehama. Sakafu imebadilika. Kamba zimekwenda na kurudi. Viti havijaongezeka."

Nikamuuliza vipi.

"Ni viwili. Kwenye kila karatasi ni viwili. Cha kushoto cha dada yako, cha kulia chako. Mimi nitakaa wapi?"

Dada, michoro ile nimelala nayo, nimeamka nayo, nimeijenga na kuivunja kwa mikono yangu, na sikuona. Nikaanza kumung'unya maneno, eti vingine vitaletwa, vya plastiki. Akacheka, kicheko ambacho sikukipenda. Akasema, "Kwenye ule ukuta wa makosa nimepata pa kukaa. Kwenye michoro simo." Akachukua mkoba wake akaondoka. Tangu siku hiyo hajaja. Simu anapokea, anaongea vizuri kama anavyoongea na wateja.

Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu kwa barua, nami nipate ushahidi. Unataka nioe au hutaki? Nina miaka arobaini na miwili. Wewe umenilea, na sina neno la kukulipa kwa hilo, wala sijawahi kukubishia toka utoto wangu, hata uliponinyoa upara siku moja kabla ya picha ya shule. Lakini yule mwanamke nampenda, na yamemfika shingoni. Kama hutaki, sema hutaki. Usiniletee mchoro wa sita.

Mdogo wako

*

24 Juni

Dada,

Shikamoo.

Nimesubiri. Simu yako inaita mpaka inachoka. Muuguzi anasema u mzima, unakwenda kazini, unarudi, unafunga mlango. Nilipomwomba akuite alisema, "Na mimi hanisemeshi." Sijui na yeye amekosa nini.

Nimekwenda kwao mfamasia. Mama yake alinikalisha sebuleni, akanipa chai, akaniacha na saa ya ukutani. Alipotoka mfamasia mwenyewe sikujitetea. Nilimwambia sijui dada yangu anawaza nini, ila ninachowaza mimi ninakijua, na nikamtajia siku. Ni Jumamosi ya pili ya Agosti, uani, kama ulivyo. Nguzo tatu tupu, moja yenye majani. Friji zenye maua. Ukuta ule. Sitajenga kitu tena na sitavunja kitu tena. Akaniuliza, "Na dada yako asipokuja?" Nikasema nitaoa. Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo, nikashangaa haikutetemeka.

Amekubali.

Dada, ukija, siku hiyo hakutakuwa na mtu mwenye furaha kunizidi. Usipokuja nitaoa hivyo hivyo, na itaniuma mpaka nife. Nimekuandikia ili usije ukasema hukuambiwa.

Mdogo wako

*

20 Julai

Wewe,

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine ndogo. Si yako. Mpe mwenyewe, mkononi, na usiifungue. Nakujua.

Dada yako

*

20 Julai

Wifi yangu,

Hatujawahi kuandikiana. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara kalamu iliandika "mfamasia", nikachana. Natumaini u mzima, na wa kwenu wazima, na mama yako anivumilie, maana nimemfanya aishi na tarehe zinazokimbia kama kuku. Mimi afya ninayo. Hali sina.

Swali lako limenifikia. Nakala za michoro ninazo zote, huwa natunza kila kitu, nikazitandaza kitandani nikaangalia. Viwili, viwili, viwili. Nikakasirika. Sikukukasirikia kidogo. Nilisema moyoni, huyu hata nyumbani hajaingia ameshaanza kuhesabu viti. Nikamweleza jirani yangu muuguzi nikitegemea aniunge mkono, naye akauliza tu, "Kwani amekosea?" Nikaacha kumsemesha na yeye. Kwa muda mrefu nikabaki na mashine za kufulia, ambazo angalau zikinipinga zinanyamaza.

Wifi, nitaandika wazi, kwa sababu nimechoka kuchora. Nilipobaki na yule mtoto, jioni tulikuwa tunakaa nje ya mlango wa jikoni, mimi na yeye, sahani moja, tunatazama ule ua. Hatukuwa na chochote kingine. Nilipokuja kufanya kazi mbali niliondoka na hiyo tu kichwani, na kila waliponiudhi huku nilijiambia, vumilia, utarudi kukaa pale naye. Miaka ikapita, na mimi picha yangu sikuibadilisha. Yeye akawa mtu mzima, akapata mtu, akaniambia, nami nikasema ndiyo. Nikadhani nimesema ndiyo. Kumbe mkono unakataa. Nilijua ua ukikamilika mtaoana, na mkishaoana ile nyumba itakuwa na mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Basi kila ua ulipokaribia kwisha, nikaona kasoro. Mara jua, mara joto, mara mifupa. Niliogopa kwamba nitastaafu nirudi kwetu nikiwa mgeni. Wewe hukunifanyia kosa lolote. Nimekuweka miezi yote hii kwenye matope, na nakuomba radhi.

Viti vile ni vyako. Ukitaka vibomoe, ukitaka vianikie mboga.

Sasa nikukabidhi huyu mtu, kwa sababu hakuna mwingine wa kukukabidhi. Akikuambia mfereji ameusafisha, nenda ukaangalie. Huwa anaondoa majani ya juu, ya chini anayaachia Mungu. Zile mbao zipakwe mafuta kila mwaka kabla ya mvua, na atakuambia bado ziko imara. Usimsikilize, pitisha kidole mwenyewe. Mawe yakianza kucheza chini ya mguu, yainuliwe yawekwe mchanga siku hiyo hiyo, asikuambie wiki ijayo. Akiumwa anasema amechoka tu. Akisema "sawa" huku anatazama pembeni, hajakubali. Akinyamaza sana amekosea kitu, mpe chai na usimuulize, atasema mwenyewe. Ni mwema kuliko anavyojua, na anakasirisha kuliko anavyojua pia. Mimi nimemfikisha hapo. Kuanzia hapo siwezi.

Likizo nimeomba, na nilipoambiwa hakuna nikawaambia basi wafue wenyewe. Wamenipa. Nitafika Alhamisi kabla ya harusi, na nakuomba siku hiyo uwepo pale nyumbani. Ufunguo wa mlango wa mbele ninao, umekaa kwenye pochi yangu tangu siku niliyoondoka, na nimezoea kuingia humo bila kuuliza mtu. Safari hii sitautumia. Nitapiga hodi, nisimame nje na mizigo yangu, na hata akija yeye mbio kufungua sitavuka kizingiti mpaka utoke wewe uniambie karibu.

Wifi yako